Baba Anataka Niape Sitaingia Tena Ziwani

Mama Élisabeth,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na msaada ninauomba hivyohivyo na hasira yangu, kwa kuwa nikingoja ipoe baba atakuwa amekwisha kunipeleka Lemera kwa shangazi. Jina langu ni Kankindi, niko na miaka kumi na sita, ninakaa Uvira upande wa ziwa, si mbali na mto Kalimabenge, na jina langu unaweza kulisoma ku redio mu kipindi chako, sitaki unifiche kama mwizi. Baba yangu ni Ndikumana, fundi wa kujenga, muntu wa Kamanyola, wa bonde na mihogo, aliyekuja mjini kufuata kazi, na tangu nilipopata akili nimesikia kwake neno moja tu kuhusu ziwa: usiingie. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Minye ni baba yako, inatosha." Mama akisikia hivyo anaondoka kwenda kuangalia moto, hata kama moto haujawashwa.

Kabla hujaanza kunigombeza nataka ujue vile nilivyo. Walisema msichana akipanda baiskeli hatazaa, nikapanda ya mjomba mpaka nikaizoea, na mwili wangu uko kama wa wasichana wengine. Walisema nisiguse ule waya wa umeme unaoning'inia nyuma ya nyumba, nikaugusa kwa ncha ya kidole, ukanitupa ukutani, na tangu siku ile siusogelei hata kwa ufagio. Kwa hiyo minye si mutoto asiyesikia. Ninasikia, halafu ninaenda kuona, na nikikuta ni kweli ninashika kuliko wale wanaoitika ndiyo baba, ndiyo mama, na kesho wamesahau.

Sasa ziwa. Mwaka ule lilipopanda, maji yaliingia mpaka mu njia yetu na yakakaa, si kama mvua inayopita, yalikaa kama mgeni aliyeleta na godoro lake. Jirani yetu, mama mmoja wa kusali sana, alitoka asubuhi kuwafuata kuku wake, akateleza penye mtaro ambao maji yalikuwa yameufunika, akazama ndani ya kiwanja chake mwenyewe, karibu na mlango wa jikoni. Watu wazima tulikuwa nao juu ya ukuta, wanamwona, wanamwita jina, wanamwambia shika ile nguzo mama, shika, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Baba alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nilibaki na alama ya vidole vyake. Tulipotoka mazishini akasema, "Mumeona? Ndiyo maana ninasema musiingie mu maji." Lakini Mama Élisabeth, yule mama hakuingia mu maji. Maji ndiyo yaliingia kwake. Alitii amri hiyo maisha yake yote na ilimfikisha pale.

Siku ile nilikata shauri kwamba nitajifunza, na sikumwomba mtu.

Ku masomo mwalimu wa michezo alitusomesha kuogelea ubaoni, tukaandika, miguu kama chura, mikono kama mtu anayefungua pazia, pumzi upande, tukafanya na interro, mtihani wa karatasi, na waliopata alama za juu hawajawahi kulowesha kisigino. Minye nilienda pale wanawake wanapofulia, asubuhi ziwa likiwa limetulia, nikaingia mpaka magotini, halafu kiunoni, nikajaribu ile miguu ya chura nikazama kama jiwe la kusagia. Nilikunywa maji, nilitapika, nilirudi nyumbani na macho mekundu nikasema ni moshi. Na kuna asubuhi moja nilichoka kupigana, nikaacha tu, nikajaza kifua nikalala chali, na maji yakanibeba. Sijui nikueleze namna gani. Nilisikia masikio yangu yamejaa ukimya, nikaona milima ya Burundi kichwa chini, nikacheka peke yangu nikanywa maji tena. Hakuna mtu aliyenipa jambo lile. Nililichukua. Tangu hapo kila kitu maji yenyewe yalinifundisha, wapi yako baridi na kwa nini, wapi yanavuta, na kama yanakuvuta usishindane nayo, uyaache yakupeleke kidogo huku unatoka kwa upande.

Rafiki yangu Délice, ambaye mama yake ni Mama Consolée anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, aliona nywele zangu zimelowa kila mara, akaniuliza, nikamwambia, naye akataka. Nilimfundisha. Nilimwekea mkono chini ya mgongo nikamwambia jaza kifua, tupa kichwa nyuma, usiogope, na alifanya kila nilichosema, vilevile, akaelea haraka kuliko minye. Nilijivuna. Nilijiona mwalimu kuliko wale wa ubaoni.

Halafu ikaja siku ile ya mwezi uliopita. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, huku chini jua lilikuwa linawaka. Tulienda pale mto unapoingia ziwani, mahali ambapo wakati wa kiangazi nilikuwa navuka bila shida, Délice akasema maji iko mekundu leo, nikasema ni udongo tu, nimepita hapa mara nyingi, fuata minye. Nikaingia. Mkondo ulinichukua kwa nguvu kuliko siku zote, lakini mwili wangu ulijua, niliuacha unipeleke, nikatokea mbali kidogo, nikashika mchanga. Nikageuka nikamwona Délice naye ameingia, nikapaza sauti, "Piga mikono, kuja kwangu," naye akapiga mikono kuja kwangu, moja kwa moja, akishindana na mto, vile nilivyomwambia, mpaka mikono ikachoka. Nilimwona anapelekwa ndani. Nilimfuata sikumfikia. Bruno mvuvi alikuwa anarudi na mtumbwi wake, yeye ndiye alimshika kwa nguo na kumtoa, na Délice alikuwa amekunywa maji mengi mpaka akalazwa, kifua kilimuuma siku nyingi, lakini yuko hai, ametoka, anatembea.

Mama Consolée amemkataza kuongea na minye. Hilo ninalielewa. Ninalokataa ni la baba. Baba anataka Jumapili ijayo, mbele ya jamaa yote na ya Mama Consolée, nipige magoti, niseme nilikosa kwa kuasi neno la baba, na niape juu ya Biblia kwamba sitaingia tena ziwani mpaka kufa. Nisipofanya, ananitoa masomo ananipeleka Lemera kwa shangazi yangu, "kule maji ni ya kuchota," hivyo ndivyo alivyosema. Nilimwambia, "Baba, nitaomba radhi juu ya Délice. Juu ya kuogelea sitaomba." Akasema, "Ni kitu kimoja." Nikasema si kitu kimoja. Akasema, "Unaona vile kiburi kinaua watu?" Nikamjibu, "Na yule mama wa kuku aliuawa na kiburi cha nani?" Baba hakunipiga. Alikaa chini, akaangalia mikono yake yenye sementi, na tangu siku hiyo tunakula bila kuongea.

Siwezi kuapa uongo, Mama. Ziwa liko mlangoni petu, likipanda tena nitaingia, na kama mdogo wangu amezama nitaingia mara mbili. Shangazi wote wananiambia apa tu, mambo yaishe, Mungu anajua. Minye ninasema kama Mungu anajua basi anajua pia kwamba niko sawa. Niambie: niape kwa mdomo, nikatae nipelekwe Lemera, ama nitoroke? Namba ya baba nimeiandika chini. Ukitaka kumpigia, mpigie. Siogopi.

Kankindi


JIBU LA MAMA ÉLISABETH

Kankindi binti yangu, barua yako sikuisoma hewani siku ilipofika. Niliipata, nikavaa viatu, nikaenda kumwona Délice. Umeniandikia habari za baba, za mwalimu, za waya, za milima ya Burundi kichwa chini, na yule aliyekunywa maji ya mto hukumpa nafasi ya kusema ila maneno machache, tena ukayapita mbio. Nilitaka kuyasikia kwake.

Mama Consolée alinipa kiti, kisha akakaa kati yangu na binti yake. Nilimwuliza Délice kwa nini aliingia. Alifikiri kwanza, ni mtoto wa kupima maneno. Akasema, "Minye niliona maji yamebadilika. Niliona mti mzima unapita. Nilijua si vizuri. Lakini Kankindi alisema fuata minye, na yeye ndiye anajua." Nikamwuliza, "Na macho yako?" Akasema, "Niliacha kuyaamini, Mama. Niliamini yeye."

Soma hayo tena, mwanangu, polepole. Weye unayekataa kuambiwa, ulimwambia mwenzako. Weye uliyekunywa maji asubuhi baada ya asubuhi mpaka mwili ukajua kuacha na kutoka kwa upande, ulimpa Délice maneno matatu ukadhani umempa na zile asubuhi. Hukumpa. Haziwezi kupewa mtu. Alipokuwa katikati ya mkondo alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, amri yako, kuja kwangu, na aliitii mpaka mikono ikachoka, sawasawa kama jirani yako wa kuku alivyotii ya kwake. Na kibaya zaidi, yeye alikuwa ameona. Mto ulikuwa unamfundisha pale pale, kwa rangi yake, kwa ule mti. Weye ukamziba macho kwa kiganja chako ukasema ni udongo tu. Baba Ndikumana hajakufanyia jambo baya kama hilo, maana yeye akikukataza, walau anabaki nawe juu ya ukuta amekushika mkono.

Umekasirika? Vizuri, kasirika. Mimi pia nilikasirika nikirudi nyumbani kwa miguu.

Sasa nasema upande wa pili, na ninajua kule kwenye ujenzi redio huwa iko wazi. Nilimpigia baba yako. Hakufurahi. Alisema, "Mama, mutoto huyu hasikii neno la mtu." Nikamwambia anasikia sana, tatizo lako ni kwamba akisha kusikia anaenda kuhakikisha. Akauliza, "Na akienda kuhakikisha akafa?"

Wasikilizaji, tangu nianze kazi hii nimeulizwa mambo mengi ya ndoa na ya wivu. Swali zito kuliko hili sijaulizwa. Na jibu langu leo sitalipamba. Kijana wa umri wa Kankindi ana kichwa ambacho neno la mkubwa linaingia, linakaa mlangoni, linangoja mkono uje useme kama ni kweli. Mkono ukisema uongo, neno linafukuzwa, hata liwe la baba, hata liwe la padri. Mkono ukisema kweli, neno linakaa mpaka uzee. Sisi wakubwa tumekwisha sahau, tunadhani tukilisema kwa sauti kubwa litapita bila mkono. Halipiti. Lakini kuna mambo ambayo mkono ukienda kuyaonja haurudi. Umeme ule ulikutupa ukutani, Kankindi, na ungeweza kukushika. Uliokoka ukasema nimejifunza. Kuokoka na kujifunza si ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo nilimwambia baba yako hivi: kwa kuwa ataonja, basi aonje mtu mzima akiwa karibu. Weye baba ulimwachia aende peke yake kwa siri, ukamnyima na sababu. Ungemwambia tangu utoto, "Mwanangu, mto ukiwa mwekundu maana yake milima inashuka, twende nikuonyeshe, tupa kijiti uone kinavyokwenda," angekitupa, angeona, na siku ile angemshika Délice mkono wasiingie. Amri yako ilikuwa kubwa mno hata haikumwambia kitu. Usiingie, usiingie. Maji ya asubuhi penye wanaofua na maji ya mto uliofura uliyaita kwa jina moja, naye alipoonja yale ya kwanza akakuta ni mazuri, akadhani umemdanganya na juu ya yale mengine.

Baba yako akasema, kwa sauti ya chini sana, "Minye mwenyewe sijui kuogelea, Mama. Siku ile juu ya ukuta nilitaka kuruka. Sikujua nikiruka nitafanya nini."

Hapo niliona nilikuwa ninaongea na mtu mwingine kabisa, na nadhani weye Kankindi hujawahi kuongea naye. Mkono wake ulikushika kwa nguvu kwa sababu miguu yake ilikuwa inataka kwenda.

Sasa shika haya, na usiniletee "lakini."

Usiape. Nimemwambia baba yako na ninalisema hapa hewani, na anayetaka kunigombeza apige simu: kiapo cha mtoto anayekaa ukingoni mwa ziwa, kwamba hatagusa ziwa mpaka kufa, ni uongo uliotiwa chumvi ya dini, na anayemlazimisha anamfundisha kudanganya mbele ya Biblia. Hao shangazi wanaosema apa tu mambo yaishe, mimi nawauliza, ziwa likipanda tena nani ataenda kumtoa mtoto majini, Biblia iliyoapiwa?

Kutoroka pia futa. Msichana anayetoroka na nguo za kubadilisha mu mfuko anawapa watu habari mpya ya kuongea, na ile ya kwanza, ambayo uko na haki ndani yake, inapotea.

Kwa Mama Consolée unaenda leo, si Jumapili, na si mbele ya jamaa. Mngoje amalize kuuza. Usipige magoti kama hujisikii kupiga, yeye hataki magoti yako, nimemwuliza. Anataka kusikia kutoka kinywani mwako ulimwambia nini binti yake pale mtoni, neno kwa neno, na kwamba Délice aliona ukweli weye ukamfunika. Ukimaliza kusema hayo, nyamaza. Usimweleze habari za jirani na kuku. Usimweleze kwamba kuogelea ni kuzuri. Atakulaumu, na lawama hiyo ni yako, ibebe mpaka nyumbani. Délice ameniambia kwamba kifua kikipona anataka kurudi majini, mama yake akasema labda, na ile labda ilinishangaza. Lakini alisema safari hii ataangalia maji mwenyewe kwanza. Ukimwona anaangalia, usimharakishe.

Na weye hufundishi mtu mpaka mvua ziishe. Nenda kwa Bruno. Nimeongea naye, ni mtu wa maneno machache, atakuonyesha mto siku umejaa, kutoka nchi kavu, mpaka ujue kuusoma kabla ya kuuingia. Utachukia kusimama. Simama. Mengine unajifunza kwa macho tu, kwa sababu waliojifunza kwa mwili hawapo tena wa kutusimulia.

Kuhusu Lemera: baba yako hajafuta, ameahirisha, na masomo hutaacha kwa sasa. Nilimwomba jambo moja kabla hajaamua. Nilimwomba Jumamosi asubuhi, ziwa likiwa limetulia, ashuke pale wanapofulia, Bruno awepo, aone kwa macho yake kitu anachokikataza. Akasema atakuja. Hakuahidi kuvua viatu.

Basi usimwite, wala usimwonyeshe ufundi wako. Ingia mpaka kiunoni, mahali anapokuona vizuri, ulale chali juu ya maji, na umwache baba yako aangalie muda wote anaoutaka.